Safari Yangu ya Kwanza Katika Mtandao Usio na Makao Makuu

Mwalimu aliniambia nisibebe kitu ila subira na laptopu yenye chaji. Safari yenyewe ingefanyika tukiwa tumekaa, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye benchi, katika maabara ya chuo anakofundisha mitandao ya kompyuta hapa Dar es Salaam. Tulikuwa tunakwenda kutafuta faili moja tu: Wikipedia ya Kiswahili, yote kwa pamoja, ile inayofungashwa na Kiwix, shirika la Uswisi linaloandaa maktaba za kusomwa bila intaneti. Sharti lilikuwa kwamba hatutagusa tovuti ya Kiwix wala kuuliza seva yoyote inayojua faili liliko. Tutaziuliza kompyuta za watu baki, hii itutume kwa ile, mpaka tufike.

"Na hizo kompyuta ziko ngapi?" nikauliza.

"Watafiti waliozipima mwaka 2013 walikuta zaidi ya milioni 10 zikiwa hewani kwa wakati mmoja, mzee wangu."

"Orodha yake anayo nani?"

"Hakuna."

Nusura niage palepale. Lakini nikakumbuka kwamba nimekulia Manzese, na Manzese sijawahi kumtafuta mtu kwa orodha. Nyumba hazina namba zinazofuatana na vichochoro havina majina. Unashuka kituoni, unamuuliza muuza mkaa; yeye hamjui unayemtafuta, ila anajua upande gani ukaulize. Huko unamkuta fundi cherehani anayemjua balozi wa nyumba kumi, na balozi anakuonyesha mlango. Nikaamua kwamba hicho ndicho kitakuwa kipimo changu njia nzima.

Asubuhi ya kwanza Mwalimu alinipitisha kwenye magofu. Alisema haiwezekani kuushangaa mji uliopo bila kuona ilivyobomoka miji iliyoutangulia. Gofu la kwanza lilikuwa Napster, programu iliyotolewa Juni 1999 na vijana wawili wa Kimarekani, Shawn Fanning na Sean Parker. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watu wenyewe, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye seva za kampuni. Ukitaka wimbo unaiuliza seva, inakujibu papo hapo, kisha unakwenda kuuchukua kwa mwenyewe. Hilo nililielewa bila kufikiri: ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji akafungua daftari. Kampuni za muziki zikaishtaki Napster, mahakama ikatoa amri, na Julai 2001 huduma ikazimwa. Nyimbo hazikupotea, zilibaki kwenye kompyuta zilezile. Kilichofungwa ni daftari, na lilipofungwa hakuna aliyejua tena mwenzake ana nini.

Gofu la pili lilikuwa Gnutella. Justin Frankel na Tom Pepper wa kampuni ya Nullsoft waliiweka hadharani Machi 2000. Nullsoft ilikuwa mali ya AOL, nao AOL wakaiondoa haraka mno; ila watu walikuwa wameshaipakua, wakaifumua kujua inavyofanya kazi, na mtandao ukaota wenyewe. Humo hamkuwa na daftari kabisa. Kompyuta inayotafuta inawauliza jirani zake, kila jirani anawauliza wa kwake, hadi hatua saba.

"Si ndivyo mlivyofanya Manzese?" Mwalimu akanichokoza.

Nikasema karibu hivyo. Akachukua bahasha kuukuu akaanza kuandika. Tuseme kila kompyuta ina jirani wanne. Ya kwanza inauliza wanne. Kila mmoja anapeleka swali kwa watatu waliobaki, kwa sababu wa nne ndiye aliyemuuliza. 4, 12, 36, 108, 324, 972, 2,916. Akajumlisha, akaizungushia duara: ujumbe 4,372 kwa ajili ya swali la mtu mmoja. Na bado swali halijavuka hatua ya saba, kwa hiyo kitu kilichoko hatua ya nane hakitaonekana ingawa kipo. Nikaitazama ile bahasha, nikajirekebisha. Hapana, Manzese hatukufanya hivyo. Hii ni kusimama njia panda ukalitangaza jina la mtu, kila aliyesikia akalitangaza na yeye, usiku kucha, na wenzako maelfu wakitangaza majina yao papo hapo. Hakuna ambaye angelala.

Kesho yake ndipo tulipoondoka rasmi. Njiani Mwalimu alinieleza tunapanda chombo gani. Mwaka 2001 vikundi kadhaa vya watafiti viliufikia ufumbuzi wa aina moja kwa njia tofauti: Chord kutoka MIT, CAN na Tapestry kutoka Berkeley, Pastry kutoka Microsoft Research na Chuo Kikuu cha Rice. Mwaka 2002 Petar Maymounkov na David Mazières, wakiwa Chuo Kikuu cha New York, wakaleta Kademlia. Hicho ndicho chombo chetu, kwa kuwa BitTorrent, mfumo wa kugawana mafaili ulioanzishwa na Bram Cohen, ulikichukua mwaka 2005 na unakitumia hadi leo.

Jambo la kwanza kunishangaza lilikuwa anwani. Faili letu halikuitwa kwa jina. Liliitwa kwa namba ndefu ya alama 40, mchanganyiko wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Namba hiyo haikubuniwa na mtu. Inakokotolewa kutoka kwenye maelezo ya vipande vya faili lenyewe kwa kanuni iitwayo SHA-1, na ukibadilisha koma moja ndani ya faili, namba nzima inageuka usiitambue. Hapo bado nilikuwa namfuata. Kisha akaniambia laptopu yangu nayo inajichagulia namba ya urefu uleule, kwa bahati nasibu, na kila kompyuta iliyomo mtandaoni inayo ya kwake.

"Yaani faili na kompyuta vinapewa namba za aina moja?"

"Za aina moja kabisa. Ndiyo siri yenyewe."

Siri ni hii. Kwa kuwa vyote viko kwenye mstari mmoja wa namba, faili linakuwa na mahali pake. Kompyuta ambazo namba zake ziko karibu kabisa na namba ya faili ndizo zinazobeba jukumu la kujua nani analo. Zenyewe huenda hazina hata kipande chake. Wenye kompyuta hizo hawakuomba kazi hiyo na huenda hawajui kama wanayo. Kwa hiyo kutafuta faili kumegeuka kuwa kutafuta mtaa wake, na ukishafika kwenye mtaa, wazee wa hapo watakutajia wenye nalo.

Lakini karibu kwa kipimo gani? Hapa nilichanganyikiwa, na Mwalimu akarudi kwenye bahasha yake. Namba halisi ni za biti 160, yaani sifuri na moja 160 mfululizo. Sisi tukatumia tano. Akaandika 10110, chini yake 10011. Pale tarakimu zinapofanana, weka 0. Zinapotofautiana, weka 1. Ikatoka 00101, ambayo kwa hesabu zetu za kawaida ni 5. Huo ndio umbali. Kisha akaandika 10110 tena, chini yake 00110. Nikazilinganisha haraka nikasema hizi ziko karibu zaidi, zimetofautiana tarakimu moja tu. Akaniambia nikokotoe. Ikatoka 10000, yaani 16.

Nilikaa na ile 16 kwa muda. Halafu ikaniingia: tarakimu ya mwanzo ni mkoa, ya mwisho ni chumba. Watu wawili waliotofautiana vyumba wamo nyumba moja, waliotofautiana mkoa wametengwa na safari ya basi, hata kama majina ya mitaa yao yanafanana herufi kwa herufi. Na umbali huu haupendelei upande: kutoka kwako kuja kwangu ni sawasawa na kutoka kwangu kuja kwako. Mwalimu aliusifu sana usawa huo. Kwenye Chord njia inakwenda upande mmoja tu wa duara, kwa hiyo anayekuuliza si lazima awe mtu utakayemhitaji wewe. Kwenye Kademlia kila anayekubishia hodi anafaa kuandikwa, maana umbali wake kwako ndio wako kwake.

Anaandikwa wapi? Kila kompyuta ina kitabu kidogo cha anwani, nacho kimegawanywa kwa mafungu. Fungu moja ni la nusu nzima ya namba zote, ile nusu ya mbali. Fungu linalofuata ni la robo, lingine la sehemu ya nane, na kuendelea hadi ujirani wako kabisa. Katika BitTorrent kila fungu lina nafasi 8, basi. Nusu ya dunia ina nafasi 8, na kijisehemu kinachokuzunguka nacho kina nafasi 8. Matokeo yake unawajua karibu wote wa kichochoro chako, wachache wa Mbagala, na wawili watatu wa Mwanza. Nikacheka peke yangu, maana hicho ndicho kitabu cha anwani nilichonacho kichwani tangu utoto, na sikudhani kingefaa kuendeshea mtandao wa dunia.

Tukafika getini. Laptopu yangu ilikuwa ngeni, haikumjua mtu, na Mwalimu akaielekeza kwenye anwani moja maarufu, router.bittorrent.com. Nikaruka.

"Kumbe ofisi ipo!"

"Ni mlango tu, mzee wangu. Huyu hajui faili lako liko wapi. Anakupa anwani chache za kuanzia, basi. Ukimjua mtu mwingine yeyote aliyemo ndani, humhitaji."

Na kweli, mara tu majibu ya kwanza yalipoingia, laptopu ilianza kuwaandika watu kwenye mafungu yake, na kila aliyeandikwa akaleta wengine. Kwenye mlango ule hatukurudi tena.

Sasa tukauliza. Mwalimu alifungua Wireshark, programu inayokuonyesha kila pakiti inayotoka na kuingia, ili niuone ujumbe ukiwa uchi. Ulikuwa mfupi ajabu. Baada ya alama zisizosomeka za namba yetu na namba ya faili, nikaona maandishi haya: 1:q9:get_peers. Namba iliyo mbele ya kila neno inahesabu herufi zake: q ina herufi moja, get_peers ina tisa ukiuhesabu na ule mstari wa chini. Nilihesabu kwa kidole kwenye skrini, nikakuta kweli tisa. Swali zima maana yake ni: mimi ni fulani, nani ana faili hili?

Swali hilo halikutumwa kwa wote. Lilikwenda kwa watatu tu kwa mpigo, wale ambao kitabu chetu kilisema wako karibu zaidi na namba ya faili. Mmoja hakujibu. Wawili walijibu kwamba hawajui, lakini kila mmoja alitupa anwani 8 za walio karibu zaidi kwa kadiri anavyojua yeye. Anwani moja ni baiti 26: 20 za namba, 4 za anwani ya intaneti, 2 za namba ya mlango (port). Yaani maelekezo ya njia ya kila mmoja yalikuwa baiti 208, pungufu ya ujumbe mmoja wa kumwomba mtu mkopo.

Programu ndogo ambayo Mwalimu aliiandika kwa Python ilikuwa inachapa namba za waliojibu, moja chini ya nyingine, na namba ya faili ikiwa juu kabisa. Mstari wa kwanza haukufanana nayo hata kidogo. Uliofuata ukafanana alama ya kwanza. Kisha mbili. Kisha tatu. Nilijikuta nimesimama. Kila jibu lilikuwa linang'oa sehemu kubwa ya dunia na kuitupa nyuma yetu. Ukigawa watu 16,777,216 nusu kwa nusu, unabaki na mmoja baada ya mara 24. Sisi, kwa kuwa kila fungu lina watu 8 wa kuchagua, tuliruka kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Baada ya hatua chache tu tulikuwa na namba zinazofanana na ya faili alama tano za mwanzo, moja sita. Halafu majibu yakaanza kujirudia: kila tuliyemuuliza alitutajia walewale. Ndiyo dalili kwamba umefika mtaani. Muda wote huo haukutosha kumalizia kikombe cha chai.

Nikamwomba Mwalimu tuangalie hawa wazee wa mtaa wanaishi nchi gani. Mmoja alikuwa Ufaransa, mwingine Brazili, mwingine Urusi. Walikuwa majirani wa kupakana, na hawajawahi kuonana wala hawatajua kwamba ni majirani. Hilo lilinisumbua kuliko yote. Kwetu jirani ni mtu unayesikia kikohozi chake. Hapa ujirani umetokana na bahati nasibu, na kompyuta iliyopo chumba cha pili chuoni ingeweza kuwa upande wa pili wa dunia. Mwalimu akasema ndiyo faida yake: umeme ukikatika mji mzima, wanaolinda habari za faili moja hawazimiki pamoja.

Katika wale wazee wa mtaa, baadhi hawakutupa tena anwani za wengine. Walitupa orodha ya wenye faili. Pamoja nayo kila mmoja alitupa alama fupi ya siri, ili tukirudi kujiandikisha kwamba na sisi tunalo, tuionyeshe. Inathibitisha kwamba anayejiandikisha ndiye aliyeuliza kutoka anwani ileile, na haidumu zaidi ya dakika 10. Tukawafuata wenye faili na vipande vikaanza kushuka, kila kimoja kikikaguliwa kwa hashi yake, yaani namba yake ya SHA-1, kabla ya kupokelewa, hivyo hata mtu baki kabisa asingeweza kutuuzia makapi.

Jioni nilirudi nyumbani na laptopu, nikaunganisha kwa bando la simu nikitaka kuona nani atanibishia hodi. Kuuliza niliweza, na majibu yalikuja. Lakini maswali kutoka kwa wageni yalikuwa haba. Mwalimu alinieleza kwa simu: mitandao ya simu aghalabu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, hivyo unaweza kutoka kumfuata mtu lakini mtu asiyekujua hawezi kukufikia. Nikaona jinsi wengi wetu huku tunavyoingia mtandao huu kama wapita njia: tunaelekezwa na hatuelekezi.

Nikajaribu jambo lingine usiku huo. Nikaandika "historia ya Kilwa" nikitaka mtandao unitafutie. Hakuna pa kuandika. Kademlia haijui maneno, inajua namba. Gnutella pamoja na kelele zake ungeweza kuitupia neno moja na mtu akaitikia. Huku usipokuwa na alama zako 40 kamili, huna safari. Namba yetu sisi tulikuwa nayo kwa sababu Mwalimu aliipata kwa Kiwix siku za nyuma. Kwa hiyo kila safari ya mtandao huu usio na ofisi inaanza na mtu fulani aliyekupa namba, na wewe ukamwamini. Wala si njia nzima iliyo salama. Mwaka huohuo wa 2002 John Douceur wa Microsoft Research alionyesha kwamba mahali pasipo na wa kuthibitisha vitambulisho, mtu mmoja anaweza kujivika namba nyingi na kujifanya umati. Akizipanga namba zake kuzunguka faili fulani, wazee wote wa mtaa huo ni yeye.

Niliporudi chuoni, ambako laini ina anwani yake ya wazi, mambo yaligeuka. Laptopu haikukaa muda kabla Wireshark haijaanza kujaa maswali ya wageni. Waliuliza namba nisizozijua, za mafaili nisiyoyajua, na laptopu yangu iliwajibu yenyewe: mimi sina habari, lakini kamuulize huyu, na huyu, na huyu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi faili lilipofika. Nilikuwa nimekuja kuuliza njia, na sasa watu wa mbali walikuwa wanapita kwangu.

"Usiizime," Mwalimu akaniambia. "Wanaodumu ndio wanaopendwa."

Hakuwa ananipa mawaidha. Waliobuni Kademlia walitazama takwimu za Gnutella wakaona kompyuta iliyokwisha kukaa hewani muda mrefu ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuendelea kukaa, wakaamua wa zamani anayejibu asitolewe kitabuni kumpisha mgeni. Anayechukua faili lake na kuzima haadhibiwi na yeyote, na hakuna ofisi ya kumshtaki. Ila katika BitTorrent dakika 15 zikipita kimya anaanza kutiliwa shaka. Anaulizwa kama yupo, na asipojibu nafasi yake anapewa mwingine.